Kinu cha Bibi na Betri za Redio

Wiki iliyopita, pale zahanati hapa Mwamkulu, bwana afya alitukusanya akina mama akasema betri zilizokwisha tusiwape watoto kuchezea, wala tusizitupe karibu na kisima. Zina madini mazito, risasi na zebaki, yanaingia mwilini kidogo kidogo na kutoka hayatoki upesi. Wenzangu walishangaa. Mimi nilimkumbuka bibi yangu, ambaye hakuwahi kushika kalamu.

Wakati wetu, mwenzangu, ubao wa shule tulikuwa tunaupaka weusi wenyewe. Mwalimu alituagiza betri za redio zilizokwisha na majani ya mihogo, vitwangwe pamoja. Nikataka nisifiwe. Bibi alipokwenda shamba, nikazitwangia kwenye kinu chake cha mninga, alichochongewa na baba yake alipoolewa. Nyumba nzima tulikuwa na hicho kimoja, cha unga wa ugali na wa uji wa mdogo wangu, aliyekuwa ndiyo kwanza anaota meno. Weusi ukaniingia kwenye kucha. Nikakisugua kinu kwa mchanga na majivu mara tatu, nikaona kimetakata.

Bibi alirudi, akanusa, akapitisha kidole kwenye ufa mdogo wa ndani. Kikatoka cheusi. Akaniuliza mara moja, nikasema kweli. Hakunichapa. Alichukua shoka.

Jirani alikuja mbio, akamwambia anaharibu mali, mbona wengine wanaosha tu wanaendelea.

"Osha wewe, ule wewe," bibi akamjibu. "Pale tunapotupa betri hata magugu hayaoti. Leo nimtwangie mtoto humo?"

Akakipasua. Vipande hakuvitia jikoni, alisema hata moshi wake hautaki. Tukavifukia pamoja na mchi, mbali na kisima. Jirani alitucheka msimu mzima, eti nyie matajiri mnapasua vinu, na chake hakutuazima. Tukala mihogo ya kuchemsha mpaka ulimi ukachoka. Unga wa uji wa mdogo wangu bibi aliusaga kwenye jiwe, kiganja kwa kiganja, magoti yakamvimba. Hakunisimanga hata siku moja.

Hakufundishwa na mtu. Aliangalia ardhi yake, akaiamini.

Siku hizi ubao unapakwa rangi ya dukani, mahindi yanakwenda mashine, na asubuhi husikii mtu anatwanga. Mlio wa kinu cha bibi nimeshausahau. Wa shoka bado nausikia.