Nukta ya Shemeji

Fundi wa redio alikuwa na goti bovu na shemeji mpanda milima, na vyote viwili vilimtia kazini. Goti lilikufa miaka saba iliyopita. Tangu hapo hukaa karakana, chumba kimoja chenye meza ya mbao, harufu ya risasi ya kuungia waya na redio ambazo wenyewe wameshazisahau. Kila Jumamosi humfuata shemeji yake, mdogo wa mkewe, kwa macho tu, kwenye ramani ya mtandao.

Mambo yenyewe si magumu. Shemeji amefunga kwenye mkanda wa mkoba kifaa kidogo kinachotuma mahali kilipo kila baada ya dakika tano, na kwenye kompyuta ya fundi inaonekana nukta nyekundu ikikwea. Ikifika kileleni inatulia, maana shemeji anatandaza waya wa antena, anawasha redio na kuanza kuita wenzake wa mbali. Watu wazima, tena wenye akili zao, wanakwea mlima kwa saa nne ili tu wamwambie mtu wa nchi nyingine kwamba wanamsikia vizuri! Ndiyo raha yao, na usiwaulize zaidi, watakueleza mpaka ujute. Wa kwanza kuitwa huwa fundi. Wa mwisho ni fundi pia, kwa maneno yale yale ya miaka yote saba: "Nakunja waya, nashuka."

Jumamosi hiyo nukta ilifika kileleni saa tano. Fundi akangoja aitwe, wapi! Akaita yeye. Kimya. Akabadilisha masafa, akaita tena. Kimya.

Mkewe akaingia na chai. "Si huyo hapo, mzee? Namwona. Ametulia zake."

"Hiyo ni mashine. Sauti yake sijaisikia."

"Betri imemwishia, kama mwaka jana."

Hapo alimgusa penyewe. Mwaka jana fundi alipandwa na presha akawaita waokoaji, na watu sita wakatoka jasho mpaka kileleni, wakamkuta shemeji anamenya yai. Wapenda redio walimcheka fundi mwezi mzima. Mkuu wa waokoaji yeye hakucheka.

Basi fundi akajikaza, akanywa chai bila kujua kama ina sukari. Saa sita kasoro nukta ikaanza kushuka. Mkewe akapiga makofi.

"Umeona? Unajitesa bure."

Fundi alikisogelea kioo cha kompyuta. Nukta ilikuwa inashuka mbio, na shemeji hushuka polepole kama bibi harusi. Tena ameshuka bila kuaga. Kama ni betri, si angepiga simu? Fundi akaipiga yeye. Haipatikani.

Akapiga moyo konde, akamtafuta mkuu wa waokoaji.

"Fundi, na mimi ninayo ramani hapa," mkuu alisema, sauti kavu. "Mtu wako anashuka. Nipeleke vijana juu wakamtafute nani?"

"Kinachoshuka ni mkoba. Mtu yuko juu."

"Umejuaje?"

"Hajaniaga."

"Hajakuaga!" Mkuu akashusha pumzi ndefu. "Nikikuta yai tena, fundi, redio zako zote nazitupa mtoni."

"Zitupe. Wewe panda tu."

Wakapanda. Saa saba nukta ikafika kwenye geti la chini ya mlima, na mlinzi akawasimamisha waliokuwa nayo: wanafunzi wawili, wapole kabisa, wamebeba mkoba wa watu. Waliukuta kileleni, hakuna mtu, wakadhani mwenyewe kausahau, wakaona waufikishe ofisini. Habari hiyo ilipofika karakana kwa simu, mke wa fundi alikaa juu ya boksi la spea.

"Nilikuwa napiga makofi," alisema.

Fundi aliogopa. Tuseme hivyo sisi, maana yeye mwenyewe hatasema.

Saa nane na dakika ishirini redio ikakoroma. Alikuwa mkuu. Wamempata hatua thelathini chini ya kilele, upande wa majabali. Alikuwa akifunga waya kwenye jiwe, jiwe likang'oka naye. Mguu umevunjika, simu imepasuka, lakini ana akili zake na anauliza nani kawatuma.

"Ongea naye mwenyewe," mkuu alisema.

Fundi akashika maiki, akafungua mdomo. Sauti ikagoma. Miaka yote hiyo ya kuita na kuitwa, leo hapati hata neno moja! Mkewe akamnyang'anya maiki, akaishika kichwa chini miguu juu, akasema kwa nguvu zake zote, bila kubonyeza kitu chochote:

"Mdogo wangu, unasikia baridi?"

Fundi akaweka kidole chake juu ya cha mkewe, akabonyeza kitufe cha kurushia sauti, na kwa kichwa akamwonyesha arudie.