Nilichofungasha Siku ya Sinema

Siku ile, mjukuu wangu, naikumbuka kwanza kwa ukungu. Ulikuwa umeshuka kutoka Mlima Meru hadi kwenye migomba yetu ya Nkoaranga, nami nikateremka ndani yake alfajiri, begi begani, nikijiona kama sikanyagi chini. Nilikuwa nakwenda kuigiza kwenye sinema. Neno la kusema sikupewa. Mimi na wenzangu tulitakiwa tuwe watu wa sokoni, wale wanaopita nyuma wakati mwigizaji mkubwa anazungumza. Ni kazi hiyohiyo unayokwenda kuifanya wewe kesho, na ndiyo maana nilipokuona unakunja nguo kitandani nikaona nikae nawe kidogo.

Nilikuwa na miaka ishirini na mmoja. Baba yako alikuwa na miezi saba, ananyonya. Kijana aliyepita kutuchagua aliniuliza kama nina mtoto, nikamjibu sina. Nilikuwa nimeona mabinti ndio wanaowekwa mbele, na mimi nilitaka mbele. Njia ya mwongo ni fupi, lakini asubuhi ile niliiona ndefu na nzuri.

Mama mkwe wangu, Mungu amrehemu, alinitazama nikifungasha. "Naomi, hao watu watakukalisha mpaka jioni. Beba sweta, na kanga mbili, na chakula. Au niteremke nawe na mtoto, nikae naye pembeni."

"Mama, saa sita nitakuwa nimerudi," nikasema. Wala sikuwa nimemuuliza mtu saa ya kurudi. Nilitia begini gauni jeupe la kumeremeta, viatu vya visigino, kioo na poda. Sweta nililiacha ili viatu vienee.

Huko chini, karibu na Makumira, walikuwa wamejenga soko zima pembeni ya shamba la kahawa. Mwanamke wa mavazi alilishika gauni langu kwa vidole viwili. "Hili litameremeta kwenye kamera," akasema. Akanipa blauzi ya kahawia iliyochakaa, akaniambia nivue viatu, akanisimamisha mbele kabisa penye mafungu ya ndizi. Jirani yangu alikuwa Bi Zuhura, mama wa makamo, muuza vitumbua kutoka Sokon I, kule Arusha mjini. Nilimpa shikamoo, akaitikia huku akisukuma kapu lake kubwa chini ya meza.

Mwanangu, sijui nikueleze vipi soko lile. Tuliambiwa tuzungumze bila kutoa sauti. Basi watu sitini wakawa wanauza na kununua, wanabishana, wanacheka, na hakuna kinachosikika ila kuku na upepo kwenye mibuni. Ukungu ulipita katikati yetu, ukamfunika mtu, ukamfunua tena. Bi Zuhura alichezesha midomo, nami nikamjibu sijui nini. Nilisahau nilikotoka. Mpaka leo huwa naliota soko lile, nikiamka siwezi kusema tuliuziana nini.

Tulirudia mara nyingi, maana jua likitoka wanasimama, likijificha wanaanza upya. Saa sita ikapita. Kufika saa nane nilikuwa natetemeka kwa baridi na njaa, na kifua kimejaa na kinauma. Kisha maziwa yakatoka yenyewe, yakalowesha ile blauzi. Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri matako. Yangu haikusitiri hata kifua.

Bi Zuhura aliona kabla ya wengine. Alivuta kapu, akatoa kanga akanifunika, akatoa sweta, akanimiminia chai na kunimenyea ndizi ya kuchemsha. Akangoja nimeze.

"Ana umri gani?"

"Miezi saba."

"Nani yuko naye?"

"Bibi yake. Hapendi uji, Bi Zuhura. Atakuwa analia."

Akaniongezea chai. "Mwanangu, umefungasha vya kutazamwa, ukaacha vya kukufaa. Sawa, ni ujana. Lakini mtoto humkani ili upate pa kusimama. Nenda kamwambie yule kijana. Sitakusemea, nitasimama karibu nawe."

Hatua zile zilikuwa chache, nami niliziona kama kupanda mlima. "Kaka, nilikudanganya," nikamwambia. "Nina mtoto nyumbani ananyonya."

Hakukasirika. "Ungesema tungepanga," akasema. "Mbona yule dada amekuja na wake?" Akanyoosha mkono. Chini ya turubai alikaa mwanamke mwenye blauzi ya kahawia kama yangu, ananyonyesha, mama yake amemshikia kikombe.

Hapo ndipo nilipolia.

Nafasi yangu ya mbele akapewa msichana mwingine. Gari la maji lililokuwa likipanda mlimani likanishusha njia panda ya kwetu, nikakimbia. Baba yako alikuwa amelia mpaka sauti imekauka. Mama mkwe alisema tu, "Nawa mikono kwanza," kisha akaniwekea mtoto mapajani. Alinyonya kwa hasira, halafu polepole, akinitazama, mpaka sote wawili tukasinzia kwenye kigoda jua likiwa bado halijazama.

Sasa sikia, mwanangu. Akiba haiozi. Beba sweta, hata jua likiwaka. Beba kanga, maji, chakula cha kukutosha wewe na jirani, na dawa yako ya pumu iwe juu, si chini ya viatu. Uliza saa ya kurudi. Na wakikuuliza wewe ni nani, una nini, unaumwa nini, sema kweli, maana pengine nafasi yako ipo na ni uongo tu utakaokuondoa. Usimfiche mtu wako yeyote ili uonekane vizuri.

Nenda salama. Mungu akufunike kwenye baridi, akupe mtu mwema wa kusimama naye, na wanaokupenda wakusikie ukibisha hodi jua lingali juu.