Trebo ya Mwalimu Sefania

Sefania alikuwa mwalimu kule Vuga. Mwaka 1971 akaacha chaki, akaja Lushoto kupiga gitaa la solo katika bendi yetu. Mama yake, Mama Marta, hakumsamehe. Mtu ana kazi ya serikali, aende kupigia watu dansi! Sefania akamwahidi kwamba siku redio itakapomrekodi, ndipo atajua mwanawe aliacha kazi kwa ajili ya nini.

Mimi nilikuwa napiga gitaa la ridhim, na sijapata kuona mtu anayejisikia kama yule. Vidole alikuwa navyo, siwezi kumnyima. Masikio ndiyo hakuwa nayo. Amplifaya yetu ilikuwa na vitufe vitatu vya kuzungusha: besi ya sauti za chini, ya katikati, na trebo ya sauti za juu. Yeye alijifungia nayo chumbani, akafungulia besi yote, trebo yote, ya katikati akaiua kabisa. Akipiga peke yake, gitaa linanguruma chini na kulia juu, tamu hasa. Basi anafumba macho, anatikisa kichwa, anajipenda mwenyewe. Lo!

Tukiingia wote, chini yupo Mika na gitaa lake la besi, juu yupo Rubeni na matoazi ya dramu. Sefania anamezwa hapo hapo.

"Mwalimu," nikamwambia, "nafasi yako ni katikati, na ndiyo uliyoiua. Punguza besi, mwachie Mika."

"Bakari, piga ridhim yako. Sauti hiyo ya makopo wapigie watoto."

Akachukua rangi ya kucha ya mkewe, akatia alama kwenye kila kitufe ili mtu asiguse.

Mwaka uliofuata gari la redio likaja kuturekodi. Fundi wao, mtu mpole, akavua hedifoni akamwomba, "Ndugu, ongeza kidogo ya katikati. Sikusikii."

Ati Sefania akacheka! "Ndugu, shika mashine zako. Sauti yangu naijua mwenyewe."

Fundi akavaa tena hedifoni, akarudi garini.

Jumapili ya kurushwa wimbo, Mama Marta alialika nusu ya usharika baada ya ibada. Nikaenda na Sefania, yeye kafunga tai. Shikamoo zilipokwisha, redio ikafunguliwa. Dramu zikasikika. Mika akasikika. Hata ridhim yangu, jamani, ilisikika. Ikafika solo, ile aliyoihangaikia miezi sita. Mama akasogeza kiti, akainama mpaka kilemba chake kikagusa redio. Besi na matoazi, basi. Solo ikapita hivyo hivyo. Sitawaficha, nilifurahi. Nilisema moyoni, haya, kula sasa.

Wimbo ulipoisha Mama Marta akamgeukia, na kwa mara ya kwanza tangu aache kazi nikaona anamhurumia.

"Mwanangu," akasema taratibu, "mbona hukuniambia kwamba watu wa redio walikukataa?"

Watu wote wakamtazama. Sefania akalegeza tai.

"Niliona aibu, mama."

"Si neno. Kesho twende wote kwa mwalimu mkuu, tukamwombe akurudishe."

"Ndiyo, mama," akasema.