Niliandika "matembele"

Mzigo wangu umezuiwa mpakani Namanga. Mkaguzi wa mimea amenipigia saa nne asubuhi, akasema majani yana dalili za virusi.

Ni mashina ya viazi vitamu. Mama aliyakata nyuma ya nyumba yetu Majengo, ili dada yangu akayapande Arusha, ng'ambo ya mpaka.

Kwenye fomu ya mizigo ya basi, pale Eastleigh, niliandika "matembele".

"Mzee, haya ni matembele au marando?" mkaguzi akauliza.

"Si ni kitu kimoja?"

"Matembele hupikwa. Marando hupandwa. Nani hufungia mboga kwenye gazeti lililoloweshwa?"

Nikakiri kuwa ni ya kupanda. Kazini mimi ndiye huuliza maswali; leo niliulizwa mimi.

Akaeleza bila haraka: cha kupandwa hakivuki mpaka bila kibali cha nchi kinakokwenda na cheti cha ukaguzi cha hapa kwetu.

Kisha: "Huu ni mzigo wa kwanza?"

Hapo ndipo nilipoogopa. Wa kwanza ulipita mwezi jana. Dada ameshaupanda, hatua mbili kutoka shamba la jirani ambaye watoto wake wanakula viazi hivyo mwaka mzima.

Nimemwambia ukweli, naye amesema huenda marando ya dada yakang'olewa.

Aliyewahi kung'olewa shamba aniambie nimweleze nini dada, maana jirani bado hajui.

Wakaguzi wa Arusha watafika Alhamisi asubuhi.