Kikohozi cha Pikipiki

Bustani ya mji wetu wa Mbinga hunuka majani mabichi yaliyolowa ukungu. Mwaka ule wa korona iliongezeka harufu ya sabuni ya maji, kwa sababu langoni iliwekwa ndoo yenye koki, na kila aliyeingia alinawa kwanza kama mtu anayekwenda kula pilau ya harusi. Nilikuwa darasa la tano. Shule zilikuwa zimefungwa, na sisi tuliokuwa tukiomba zifungwe, hasa siku za hesabu, tulianza kuogopa kwamba Mungu alitusikia vizuri kupita kiasi. Masomo yalikuja kwa simu. Mwalimu Komba alituma maswali kwenye kundi la wazazi, nasi tukajibu kwa ujumbe wa sauti. Kwetu mtandao ulikuwa wa kubahatisha, ila pale bustanini, kwenye benchi la saruji la juu kabisa, ulikamata vizuri. Basi benchi lile likawa darasa langu. Nilisoma mafungu ya sentensi nimelala chali, viatu nimevua, nikitazama mawingu yakishuka mlimani, na nisipodanganya, sijawahi kusoma kwa raha namna ile.

Raha yenyewe ilikuwa na mwiba. Mama yangu ni nesi wa wodi ya wazazi, aliyehamishiwa huku kutoka Upareni. Kila alipotoka kazini aliogea uani kabla hajaingia ndani, nguo akazilowesha, na hakunikumbatia. Nyumba nzima ilinuka mvuke wa nyungu, mchaichai na majani ya mkaratusi, mpaka nikahisi tunapikwa. Mimi nilikuwa na kazi moja ambayo hakuna aliyenituma: kusikiliza kama anakohoa. Akisafisha koo tu, nalirudisha tonge sahanini. Siku alizoingia zamu ya mchana aliniachia simu yake asubuhi, nami nikapanda bustanini nikiwa nimebeba darasa mkononi na hofu tumboni.

Siku moja somo lilikuwa sayansi, mfumo wa upumuaji. Mwalimu Komba akauliza nini hutokea njia ya hewa ikikerwa. Jibu nililijua. Lakini mtu mwenye jibu moja na wasikilizaji wengi hushikwa na tamaa. Nikarekodi kikohozi cha mzee aliyepaliwa na ugoro, nikafuata na cha mbuzi, nikamalizia na cha pikipiki inayokataa kuwaka alfajiri ya baridi: kho-kho-kho, kimya, kho-kho, kimya kirefu. Nikatuma, nikacheka peke yangu hadi nikapangusa machozi. Nilichosahau ni kwamba kwenye kundi lile mimi sikuwapo. Jina lililotokea juu ya kikohozi lilikuwa la mwenye simu: Nesi Mama Nakunda.

Bibi yangu husema mzaha mzaha hutumbuka usaha. Usaha wenyewe ulitumbuka kabla ya jua kuzama. Jirani yetu Mama Odilia, aliyekuwamo kwenye kundi lile, mjamzito wa miezi yake yote, aliyekuwa akituletea maziwa hadi jikoni, aliyaacha kwenye tofali nje ya uzio. Nikamwamkia. "Marahaba," akajibu, "ila baki hapohapo, mwanangu. Mama yako anaendeleaje?" Nikasema hajambo. Akanitazama kama mtu anayetazama mtoto wa marehemu.

Kesho yake Mama alirudi kutoka kazini amenuna. "Wajawazito hawaji," akasema akifungua viatu. "Na Mama Odilia anateremka kwa mama yake Lituhi kesho asubuhi, akajifungulie huko ziwani. Yule Odilia alizaliwa kwa upasuaji. Mvua hii, barabara ile, na uchungu ukimshikia njiani?" Nikamweleza yote, kuanzia mzee wa ugoro. Hakunipiga, na hilo ndilo lililonitisha. Aliusikiliza ujumbe hadi mwisho, akaweka simu mezani taratibu. "Ulichokitangaza kwa jina langu," akasema, "kakitangue kwa mdomo wako."

Asubuhi tulimkuta Mama Odilia stendi, mabegi yameshafungwa juu ya gari. Mama alisimama mbali, kavaa barakoa yake, akanisukuma mbele. Nikasema kikohozi kilikuwa changu. Mama Odilia akatikisa kichwa. "Watoto hutumwa kusema mengi. Kile kilikuwa cha mtu mzima." Ikabidi nithibitishe. Nikavuta pumzi, nikakohoa mbele ya stendi nzima, mzee, kisha mbuzi. Watu walitawanyika kama kuku walioona mwewe. Kondakta akasema, "Huyo hapandi gari langu." Hata hivyo nikawasha pikipiki. Iliponyamaza, Mama Odilia alinisogelea hatua moja. "Rudia hiyo ya mwisho," akasema. Nikarudia. Mdomo ukamcheza kidogo, kisha akamgeukia kondakta: "Shusha mabegi." Siku ya tatu alijifungua kwa upasuaji, palepale Mbinga. Mama alikuwapo. Alirudi akasema tu, "Njiani asingefika," akaenda kuoga.

Sasa niko kidato cha nne, nina simu yenye jina langu, na wanaonijua hawaniamini hata nikisema mvua inanyesha. Bustani imejaa tena. Ndoo ya langoni iliondoka siku ambayo hakuna aliyeikumbuka, na mtu akikohoa benchi la pili hakuna anayegeuka. Mimi hugeuka. Hungoja kuona kama kuna cha pili. Benno, mtoto aliyezaliwa siku ile, yuko darasa la awali, na mama yake kamsimulia kila kitu. Akinikuta najisomea kwenye benchi la juu hunivuta sketi: "Dada Nakunda, fanya ile ya pikipiki." Namfanyia jogoo, namfanyia Mwalimu Komba, namfanyia hata padre akitafuta miwani. Ile ya pikipiki namwambia imeisha mafuta.