Programu ya Mdundo na Makofi ya Bibi Konsolata

Kosa langu la kwanza, mwanangu, lilikuwa kudhani kwamba nikipata programu nzuri ya mdundo, gitaa nitakuwa nimeshalijua. Nakuita mwanangu ingawa mvi zangu bado zinahesabika. Umeniuliza upakue programu ipi kwenye simu yako, na swali hilo lilinitesa kabla halijakufikia wewe, kwa hiyo leo nakalia kiti cha wakubwa. Nivumilie.

Nakumbuka miaka ile watu walipokuwa wakivuka kutoka Burundi, na mabasi yakiwachukua Kabanga mpakani kuwapeleka kambi ya wakimbizi. Mpiga gitaa wa kwaya yetu hapa Bukiriro alikuwa amehamia Nyamahanga kulima, akaliacha gitaa kanisani. Nikalichukua mimi. Sikuwa na mwalimu. Vidole nilijifunza kwa kutazama picha, na kwa kuwa mkono wangu ulikuwa unakimbia, niliamua kutafuta programu ya kunihesabia.

Hapo ndipo ugonjwa wangu ulipojitokeza. Mimi ni mtu wa wasiwasi, na kitu kisipokuwa kamili hunikosesha raha. Nilipakua programu moja, nikasikia nyingine inasifiwa, nikaifuta ya kwanza. Nilikuwa na daftari la kuandika sifa zake: hii ina ngoma za aina nyingi, ile inawaka rangi, ile nyingine inatoa alama. Simu ilipojaa nikafuta hata picha za ubatizo wa dada yangu. Bando likiisha nilingoja, na nikiwa nangoja sikugusa gitaa, maana nilijiambia kwamba kujifunza na chombo kibovu ni kujizoeza ubovu. Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima. Methali hiyo niliijua vizuri. Nilikuwa nawaambia wengine.

Mwishowe nikabaki na ile kubwa kuliko zote. Ilikuwa na ngoma, besi na kayamba, na kila zoezi lilipoisha ilinipa alama. Nilirudia mpaka nikapata mia. Nilijifungia chumbani na visikilizio masikioni, na mazoezi ya kwaya nikawa nayakwepa. Nilisema nitakwenda nikiwa tayari.

Sasa, katika kwaya alikuwako Bibi Konsolata, aliyeongoza nyimbo kwa makofi. Wazazi wake walivuka naye kutoka Burundi akiwa msichana, wakapata shamba hapa, wakabaki. Mdogo wake aliachwa upande wa pili kwa shangazi. Mwezi ule huyo mdogo wake naye akavuka, mzee tayari, pamoja na wajukuu. Waliruhusiwa kuja kusali nasi Jumapili moja. Jumatatu basi lingewachukua. Bibi Konsolata akaiomba kwaya jambo moja tu: wimbo aliokuwa akiimba mama yao, wauimbe yeye na mdogo wake, na gitaa liwashike mkono kwa sababu sauti zao zimechoka.

Alikuja nyumbani kuniuliza kama nitaweza. Nikamwamkia, akaitikia, nikamwambia asiwe na shaka. Nikamwonyesha ile mia yangu kwenye kioo cha simu. Akaitazama.

"Na hii simu," akasema, "inaweza kunisikia mimi nikipiga makofi?"

Nikacheka kidogo. Nikamweleza kwamba simu haisikilizi mtu, mtu ndiye anayeisikiliza. Akasema haya, tutaonana Jumapili. Nilipaswa kumwomba aniimbie ubeti mmoja palepale mlangoni. Sikuomba, mwanangu, na nitakuambia ukweli: niliogopa aone nikikosea.

Jumapili wakasimama wawili, wameshikana mikono. Programu yangu ilikuwa imenifundisha kuhesabu nne, nne, nne. Wimbo wa mama yao ulikwenda kwa tatu, ukiyumba kama mtu anayeshuka kilima na mtungi kichwani. Mkono wangu ukawa unaanguka pasipo na kofi. Nami badala ya kunyamaza na kusikiliza, nikazidi kupiga kwa nguvu, nikiamini wao ndio wanaokosea. Mdogo mtu akanitazama, akayumba, akanyamaza katikati ya mstari wa pili. Nyuma yangu Deo, mwimba besi, akanong'ona kwamba tumeletewa fundi simu, mpiga gitaa yuko njiani. Wawili watatu wakacheka. Nikaliweka gitaa chini. Bibi Konsolata akaanza upya kwa makofi matupu, lakini mwenzake alikuwa analia na sauti haikumrudia. Wakakaa. Kesho yake basi likaondoka naye.

Nilikwenda kuomba radhi. Nilimkuta anachambua maharage, akanisogezea ungo tuchambue wote. Hakunigombeza.

"Mwana wanje," akasema, akiniita mwanawe kwa Kirundi, "ulikuja kutusindikiza, au ulikuja kutuonyesha njia ya kwetu?"

Akaniambia nitoe simu, niifundishe mwendo wake. Nikaitafuta njia katika ile programu kubwa, sikuiona. Wiki hiyo nikapata programu ndogo isiyo na sifa yoyote: inalia tik, ina kitufe unachokigusa kwa kidole nayo inashika mwendo wako, na unachagua pigo zito lije baada ya mapigo mangapi. Nikampelekea. Akakigusa kwa kidole chenye vumbi la maharage, tatu, tatu, simu ikamfuata. Akasema, "Eeh. Sasa ina adabu."

Basi sikiliza, mwanangu. Chagua programu nyepesi, inayofanya kazi bila bando na isiyokukatiza kwa matangazo. Iwe na mlio mmoja, uweze kuipunguza mwendo hadi uone aibu, uweze kuigeuza nne au tatu, na iwe na mahali pa kugusa kwa kidole. Usipoipata, rekodi makofi ya kwaya kwa simu hiyohiyo, hayo yanatosha. Wiki ya kwanza tumia mkono wa kulia tu, nyuzi zimezibwa kwa vidole vya kushoto. Siku ya tatu izime katikati ya wimbo uone kama umebaki na mwendo. Usitafute nyingine kabla mwezi haujaisha. Na kabla ya vyote, mwendee mwenye wimbo umsikie anavyopumua. Kuuliza si ujinga, hata mbele ya bibi asiyejua kuwasha simu.

Mungu akupe mkono mtulivu na sikio lisilo na kiburi, na wale utakaowapigia wafike mwisho wa wimbo wao.

Mdogo wake Bibi Konsolata bado yuko kambini, na wimbo ule hawajauimba tena pamoja. Mimi siku hizi napiga kila Jumapili. Nakosea, nanyamaza kidogo, nawasikiliza, naingia tena.