Mbegu Juu ya Moshi

Jumanne. Manyunyu tangu alfajiri. Binti yangu ametundika mbegu za mtama juu ya meko, na harufu ya moshi ule imenirudisha utotoni.

Nyuma ya duka la mzee mmoja wa pwani iliota micheri miwili, yaani miti ya cheri, mmoja wa matunda mekundu, mwingine wa meusi. Meusi ndiyo yaliyokuwa matamu. Siku moja alitupa tunda mojamoja: dada yangu jekundu, mimi jeusi. Tulikula, tukabaki na mbegu.

"Dada, nipande leo?"

"We mjinga nini? Mbegu mbichi huoza. Itundike kwenye moshi kama mtama, mpaka mwezi uandame."

Nilimwamini. Mwezi ulipoandama nilipanda, nikamwagilia kila asubuhi. Hakikuota kitu. Halafu nikaukuta mche wa dada umejificha kwenye migomba, una majani machanga mekundu. Nikakimbia dukani.

"Shikamoo, mzee. Mbona mbegu yangu haioti?"

"Marahaba. Uliikausha? Cheri ikikauka imekufa, mwanangu. Si nilimwambia dada yako mpande siku ileile?"

Labda dada alisahau. Kwetu kila mbegu ilikaushwa, na sipendi kumsingizia mtu. Lakini ya kwake aliipanda mbichi.

Sikumwuliza. Jioni ile tulikula ndizi na maharage, mimi naye kwenye jani moja la mgomba. Alinisogezea maharage yote upande wangu, wala hakuniangalia.